Viroba arobaini

Julai 2016 nilikuwa na viroba arobaini vya mrehani nyuma ya nyumba, Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, safu mbili za rozmeri, na oda ya mpishi wa hoteli moja mjini: kilo mbili kila Ijumaa. Nanaa na mchaichai navyo vilikuwepo, ila hivyo havijawahi kuninyima usingizi.

Mtu wa Dar ukimwambia habari za baridi anacheka. Aje huku kipupwe, Mlima Meru umejifunika wiki nzima, manyunyu hayaishi, na saa nne asubuhi watu bado wako ndani ya makoti. Theluji hatuna, lakini mrehani ni mtoto wa joto. Usiku ukisogelea nyuzi 10 unaanza kununa. Asubuhi moja nikakuta majani ya juu yana madoa meusi, kama yamepitiwa na pasi. Nilipolisugua moja, likateleza vidoleni, linanuka mboga iliyolala.

Nikanunua nailoni nzito, nikafunika vyote, pembeni nikabana kwa mawe. Na kwa kuwa majani yalilegea, nikajua ni kiu. Kila jioni nikitoka kazini, ndoo tatu. Hadi leo naona aibu kulisema.

Siku ya nane bibi jirani akaja kuomba mchaichai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umeifunika kama maiti?"

Akafunua. Kwa ndani nailoni ilikuwa inachuruzika maji kama mfuniko wa sufuria ya wali. Majani hakuyatazama hata kidogo. Alichomeka kidole kwenye udongo, akakinusa, kisha akashika mche mmoja na kuuvuta. Ukaja bila ubishi. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Alipoipitisha kati ya kidole na gumba, ganda likatoka lote, ukabaki uzi mweupe.

"Hii haikuuawa na baridi, mwanangu. Umeizamisha."

Jua lisipotoka mmea haunywi, akasema, maji yanakaa tu pale chini. Mizizi ikikosa hewa inaoza, na majani yanalegea vilevile kama ya mmea wenye kiu. Ndiyo maana nilizidi kumwaga. Hata rozmeri, ambayo asili yake ni miamba mikavu ya kando ya Mediterania na baridi yetu haiitishi, ilikuwa imeanza kukauka kuanzia chini kwa sababu ya tope.

Tukahamishia viroba kwenye ukuta wa jiko, juu ya matofali, tukavitoboa zaidi chini. Akamtuma mjukuu wake alete majani makavu ya mgomba, tukatandaza kwenye nanaa na mchaichai. Nailoni iwe ya usiku tu, tena juu ya fito isiguse majani. Saa tatu asubuhi itoke. Maji marufuku mpaka kidole kitoke kikavu. Vile vichomozo vya juu vilivyokuwa bado vizima alivikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, chini kidogo ya kifundo, akavisimamisha kwenye chupa za maji dirishani.

Kati ya arobaini vilipona sita. Vya kwenye chupa vilitoa mizizi kabla Agosti haijafika katikati, nikavipanda Septemba jua liliporudi. Mpishi alikuwa ameshapata mtu wa Tengeru.

Bibi mchaichai wake alichukua siku ileile, mafungu mawili.