Mistari ya mkaa nyuma ya mlango

Juni imeingia na baridi yake. Saa kumi na mbili asubuhi hapa Moshi huuoni mlima, unaona ukungu na vijana wa bodaboda waliojifunika makoti hadi masikioni. Majirani wanatoa mablanketi ya akiba, basi, yameisha. Sisi tuliokua na mgonjwa wa sikoseli ndani ya nyumba tunaipokea baridi kwa hesabu nyingine. Mishipa inajibana, zile chembe nyekundu zilizopinda kama mundu zinakwama, na usiku wa manane mtu anaamka analia mifupa. Kwa hiyo Alhamisi nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, ingawa ana miaka 33 na alishaniambia, "Dada, mimi ni baba wa watu sasa." Nikamjibu apande bajaji tuondoke.

Nje ya kliniki, kwenye benchi la saruji, alikuwa amekaa binti wa kama miaka tisa. Sare ya shule, sweta la kijani lililotoboka kiwikoni, hotipoti imefungwa kwa kanga mapajani, mfuko wa nguo miguuni. Mama yake alikuwa ndani na mtoto mwingine. Muuguzi akatoka haraka haraka, akauangalia ule mfuko. "Huu mzigo wa nani?" Binti akasema, "Wa mama." Muuguzi akaridhika, akarudi ndani.

Simlaumu. Foleni ilikuwa inafika getini. Ila lile benchi nalijua.

Mwaka 1997 mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu mitano. Mlango wa wodi ulikuwa na kibao: watoto chini ya miaka 12 hawaruhusiwi. Sababu zake leo naziona, mafua yangu yangeweza kumlaza wiki nzima zaidi, na kitanda kimoja mara nyingine kilikuwa na watoto wawili na mama zao. Lakini siku ile hakuna aliyenieleza sababu, niliambiwa tu, "Kaa hapa, usiondoke." Nilikaa jioni nne nikiangalia mlima. Jioni mawingu yakipanda Kibo, kilele kikubwa cha Kilimanjaro, anatokea na theluji yake, na kilele cha pili, Mawenzi, yuko pembeni kulia. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba Mawenzi alikwenda mara nyingi mno kuomba moto kwa Kibo, Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimechongoka vile. Mita 5,149! Mahali pengine angekuwa ndiye mlima.

Kilichonikalisha pale kwa hofu hakikuwa mlinzi. Siku moja kabla ya mdogo wangu kulazwa tulikuwa tunaoga uani, nyumbani kwetu mtaa wa Pasua, tukagombea sabuni. Nikachota kopo la maji ya bomba, ya baridi, nikammwagia mgongoni. Alipiga ukelele, kisha akacheka. Usiku ule ule maumivu yakaanza, miguu kwanza, halafu mgongo, na alfajiri baba akambeba kumpeleka barabarani kutafuta gari. Nikajua nimemuua mdogo wangu, bado tu hajafa.

Sikumwambia mtu. Tangu siku ile hadi namaliza darasa la saba maji yake ya kuoga nilichemsha mimi, na nilikuwa natia kiwiko kuyapima kama anavyofanya mama wa mtoto mchanga. Mama alinisifu kwa majirani kwamba nina huruma. Haikuwa huruma.

Sista mmoja, mtu mzima, alinikuta kwenye benchi siku ya nne akitoka zamu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akaniambia mwili wa mdogo wangu unataka maji mengi, damu isiwe nzito, na kwamba nyumbani nitamsaidia kuhesabu vikombe. Vikombe nane kwa siku, kila kikombe mstari mmoja. Nilirudi nyumbani nimekua. Nilichukua mkaa jikoni nikachora nyuma ya mlango wa chumba chetu, mistari minane, nafuta, naanza tena kesho. Mpaka leo namwombea yule sista. Lakini pia nimekuja kumwona alivyonielewa nusu. Alinipa kazi, na kazi ilinisaidia kusimama; swali langu, kama ni mimi niliyemuumiza, lilibaki tumboni kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama ninalo. Tena kazi ile ikawa cheo. Tangu hapo nikaitwa nesi mdogo, na nesi mdogo haendi kuruka kamba mtu hajanywa kikombe cha tano.

Jibu nililipata kidato cha nne, kipindi cha baiolojia. Mwalimu akachora kisanduku cha vyumba vinne ubaoni. Baba ana kinasaba kimoja cha sikoseli, mama ana kimoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuupata ugonjwa. Kila mimba, si kwamba akizaliwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamepona, kama shangazi zangu walivyokuwa wakipiga hesabu. Shangazi hao hao walisema ugonjwa umetoka kwa akina mama, na upande wa mama wakasema ni wa watu wa Tanga, baba kaja nao. Kisanduku kikanionyesha wote wawili walitia mkono, na hakuna aliyekusudia. Baridi huamsha maumivu, ndiyo, lakini ugonjwa ulikuwapo kabla ya kopo, kabla ya bomba, kabla hajazaliwa. Niliomba ruhusa nikaenda chooni kulia. Miaka baadaye nikapima: mimi ni AS, mbebaji tu wa kinasaba kimoja, siumwi.

Nchi hii inapata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Nikiwaza hivyo nawaza na mabenchi. Marekani walishaliona. Huko Seattle bwana mmoja, Don Meyer, alianza miaka ya 1980 kuwakusanya watoto ambao ndugu zao ni wagonjwa au wana ulemavu, wacheze, wapike, na katikati ya mchezo waseme yanayowakera, hata kwamba wana wivu, hata kwamba wana hasira. Hospitali zao nyingi zina watu ambao kazi yao ni kumweleza mtoto kwa mdoli kinachofanyika wodini. Sisi tuna afisa ustawi wa jamii mmoja mwenye mlundo wa mafaili ya wasioweza kulipa, simwongezei faili. Nataka kidogo tu: siku ya kliniki mtu atoke nje dakika ishirini, awaambie walio kwenye benchi kwamba haiambukizi, kwamba si wao walioileta, halafu anyamaze awasikilize.

Na sasa jambo lina haraka. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma inapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli, na uloto wanaoutafuta kwanza ni wa ndugu wa baba mmoja, mama mmoja. Nafasi ya uloto wa ndugu kulingana na wa mgonjwa ni 1 kati ya 4 tena. Mimi nimefurahi kama wengine. Ila namfikiria yule ambaye miaka yote aliulizwa mzigo wa nani, ghafla anaitwa ndani kwa jina lake kamili, anakalishwa kwenye kiti. Asipolingana, nani atamwambia hajakosa? Akilingana na mambo yakaenda vibaya, je?

Nilikaa karibu na yule binti. "Shikamoo." Marahaba, nini humo? Mtori. Umekula wewe? Akatikisa kichwa, wa mdogo wake. Nilikuwa na maandazi mawili mkobani, tukagawana, akala lake akiangalia mlango. Nikamwambia na mimi nilikaa hapo hapo zamani, mdogo wangu akiwa ndani, na sasa ana ndevu. Akataka kumwona. Alipotoka nikamwonyesha, akamkagua kuanzia viatu, hakusema kitu.

Kwenye bajaji ndipo nikamwambia mdogo wangu habari ya kopo. Miaka karibu thelathini. Moyo unanidunda kama nimeiba.

"Kopo gani?"

Hakumbuki. Anakumbuka mlango. "Ile mistari yako," akasema, "ukienda shule nilikuwa naongeza mwenyewe. Mkaa niliuficha chini ya godoro. Maji nayamwaga dirishani kwenye migomba ya mama."

Dereva alicheka kabla yangu.