Kompyuta inajizima kila friji ikinguruma

Jumapili, saa tano usiku

Wiki tatu kompyuta hii imeninyima usingizi. Usiku wa leo ndio wa kwanza naiandikia huku nikiwa na uhakika kwamba sentensi nitaimaliza.

Niliiunga mwaka 2019 pamoja na mdogo wangu, kipande kwa kipande, kwenye maduka ya Kariakoo. Mwezi huu madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipande vyote, mwezi ujao prosesa, ubongo wa mashine, kasha la mtumba, na mwisho pawa saplai, kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ya wati 450 iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Hiyo ya mwisho aliichagua yeye. Kompyuta hii ndiyo inayotulisha mimi na mama: nahariri video za harusi na sendofu. Kazi ngumu kuliko zote ni kurenda, yaani kuibana video nzima iwe faili moja. Hapo prosesa na kadi ya grafiki hufanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika arobaini au zaidi.

Na ni hapohapo ilipokuwa ikizima. Bila onyo, kioo kinakuwa cheusi, feni zinanyamaza, kisha inajiwasha yenyewe. Taa ya chumbani haipepesi hata kidogo, kwa hiyo umeme wa nyumba sikuushuku. Kumbukumbu za Windows zilirudia kitu kimoja: tukio la 41, Kernel-Power. Nilihangaika nalo siku nne nikidhani ni jina la ugonjwa, kumbe linasema tu kwamba mashine ilizima bila kufungwa vizuri. Halisemi nani kaizima.

Nikaanza na joto. Nilipuliza vumbi, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikatazama nyuzi: hazikufika hata 70. Nikatoa rami, vile vipande vya kumbukumbu ya muda, nikawasha na moja, kisha na nyingine. Bado. Ikabaki pawa saplai. Nikaichomoa kwenye madabodi, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 kwa kipande cha waya, ili iwake peke yake. Tesita ikanipa volti 12.1 kwenye waya wa njano, 5.05 kwenye mwekundu, 3.3 kwenye wa chungwa. Inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, kwa hiyo njano ikiwa kati ya 11.4 na 12.6 ni salama. Nikaipa cheti cha afya.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapo. Niliipima ikiwa haijabeba chochote. Punda asiye na mzigo huwezi kumjua kama mgongo unamuuma.

Familia moja ya bibi harusi nilishaiomba radhi mara mbili. Ilipozima tena, nilimpigia mdogo wangu, aliyeko Mwanza, nikamwambia maneno makali kuhusu vitu vya mtumba na watu wanaopenda rahisi. Alinyamaza tu.

Aliyefumbua fumbo ni mama. Yeye hukaa sebuleni, friji iko nyuma ya kiti chake. Ijumaa jioni akasema, bila hata kunitazama, "Mwanangu, mbona hiyo mashine yako inazima kila friji ikinguruma?"

Nikachukua karatasi. Ijumaa na Jumamosi niliandika kila saa friji inapoanza na kila saa kompyuta inapozima. Ilizima mara tano, na mara zote tano friji ilikuwa imeanza sekunde hiyohiyo. Zipo pia nyakati friji ilianza na kompyuta ikavumilia. Nyakati hizo sikuwa narenda. Ndiyo maana nilipotea muda wote ule. Ilihitaji mambo mawili yakutane.

Friji na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Nikaigusa plagi ya friji: ya moto. Nikachomoa kila kitu, nikaifungua ekstensheni. Shaba ya ndani imelegea na kuwa nyeusi, plastiki imeungua rangi ya kahawia.

Kompresa ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Umeme huo ukipita kwenye shaba iliyolegea inayolisha soketi zote, volti za ekstensheni nzima zinaanguka kwa kitambo kidogo sana. Taa ya dari ina njia yake, haijui lolote. Pawa saplai nzima huvuka kitambo kama hicho kwa akiba iliyo ndani ya kapasita zake, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, takriban milisekunde 17, wakati mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Akiba yenyewe ni ndogo, na kapasita zikizeeka hupungua zaidi. Na ukirenda, inanyonywa upesi. Ikiisha, ishara ya waya wa kijivu unaoiambia madabodi kwamba umeme uko sawa inakatika, na madabodi haisubiri.

Nilihamishia friji kwenye soketi ya ukutani. Hata kwa pawa saplai ya zamani nimerenda saa nzima bila kuzima. Mpya ya wati 550 nimeinunua hata hivyo, nimeifunga mchana huu. Ile nyingine sitaifungua. Kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Jioni nimempigia mdogo wangu kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Hakuniacha niyamalize, aliuliza jambo moja: kama mama amewahi kuishika ile plagi akiwa na mikono yenye maji.

Anaishika kila Jumamosi, akisafisha friji.