Nani kakuambia kimeingia?

Mdogo wangu kajifungua Jumatano, mtoto wa kike, wote wazima, na sendofu ya binamu imepita salama. Lakini usiku huu wa Jumamosi mimi bado nimekwama Alhamisi saa 4 asubuhi, kwenye chumba cha mikutano, namsikia Mama Hesabu, mhasibu wetu, akiniuliza kuhusu kiraka, yaani marekebisho ya programu.

"Kile kiraka cha malipo ya wazabuni kimeingia?"

"Kimeingia, mama."

"Nani kakuambia kimeingia?"

"Kipo kwenye jedwali."

"Mimi nikiikuta hundi kwenye daftari letu sisemi imelipwa. Nauliza benki."

Nikamjibu, "Mama, hii siyo hesabu."

Tulikuwa watu saba mezani. Akafunika kalamu yake, akasema, "Haya, mwanangu," kikao kikahamia kwenye mafunzo ya watumiaji. Hiyo "haya, mwanangu" ndiyo inayoninyima usingizi. Angenifokea ningekuwa nimeshalala.

Tumekuwa tukihama kutoka Oracle E-Business Suite 12.1.3, mfumo wetu wa hesabu na malipo, kwenda toleo la 12.2. Msaada mkuu wa Oracle kwa 12.1 uliisha Desemba 2021, na sisi tumechelewa. Kwenye 12.1 kazi ya viraka ilikuwa nyepesi kuieleza: unawatoa watu kwenye mfumo, unaweka, unafungua. 12.2 ina seti mbili za mafaili. Watu wanafanya kazi upande mmoja, sisi tunaweka viraka upande wa pili kwa adop, chombo cha Oracle cha kazi hiyo: kuandaa, kuweka, kukamilisha, kuhamia upande huo wa pili, kusafisha. Mambo yakiharibika kabla ya kuhamia, unauvunja mzunguko mzima na karani wa malipo hajui hata kama kulikuwa na kitu. Naipenda sana sehemu hiyo, na ndiyo iliyoniponza.

Jumatatu usiku, kwenye mazingira ya majaribio, diski ilijaa katikati ya kuweka. Tukavunja mzunguko, tukasafisha kikamilifu, tukanakili upya upande unaotumika kwenda ule mwingine. Hadi hapo hatukukosea. Jumanne, kwa kutaka kuokoa muda, nikalinganisha orodha yetu ya viraka 38 na AD_BUGS, jedwali la mfumo linalotunza namba za viraka. Kila nilichokikuta humo nikakipaka kijani, nisikirudie.

Sasa, AD_BUGS huandikwa wakati kiraka kinawekwa, na ukivunja mzunguko mstari ule haufutiki. Kazi yenyewe imetupwa, namba yake imebaki. Nalijua hilo tangu mafunzo. Ndiyo maana 12.2 ina swali lake maalumu, ad_patch.is_patch_applied, na mimi mwenyewe nimewahi kumfundisha kijana wa field aliulize. Jumanne sikuliuliza.

Nililiuliza Alhamisi baada ya kikao, mlango nimeufunga. Viraka 35 viko sawa. Vitatu havijawekwa, cha wazabuni kikiwamo. Nikachukua faili lake moja nikalipima toleo kwa adident, amri ya kusoma toleo la faili: lile lile la zamani.

Kwa dakika chache niliona aibu tu. Halafu nikawaza wiki yenyewe ya kuanza kutumia 12.2, wazabuni wakidai, malipo yamegoma, na sisi sote tunaapa kwamba kiraka kipo kwa sababu orodha ni ya kijani. Mwili ukawa mwepesi. Nikapanda ghorofani karibu nakimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikamwambia yote. Hakunikumbusha ya asubuhi. Alivuta faili la usuluhisho wa benki wa mwezi uliopita, akanionyesha hundi ambazo hazijawasilishwa, akizipitia moja moja kwa kidole. "Hizi zote kwenye daftari zimelipwa," akasema. "Sasa benki yako wewe ni ipi?"

Tukakaa karibu saa nzima. Orodha yangu ilikuwa na safu moja ya kijani, sasa ina tatu: jibu la ile ad_patch, toleo la faili, na ya tatu ni yake. Kwa kiraka cha wazabuni ameandika kwa mkono wake: ankara moja yenye kodi ya zuio, iidhinishwe, ilipwe, ifuatwe mpaka leja kuu. Anayetia saini kwenye safu hiyo ni yeye. Miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kumwomba mhasibu aniambie kiraka kinathibitishwaje. Nilikuwa nikimletea tangazo kwamba kimeingia.

Ijumaa usiku tuliviweka vyote vitatu, tukahamia saa 8 usiku, na leo ankara yake imefika leja kuu bila kusumbua. Samahani nilimwomba, lakini niliiomba ofisini kwake, tukiwa wawili. Yale maneno niliyasema mbele ya watu saba. Jumatatu kikao kikianza nitaomba dakika moja kabla ya ajenda. Nimeshaandika sentensi mbili, nimezifuta mara nne.

Kingine kinachoninyima usingizi ni mwembe wa jirani. Tangu mvua ya Jumapili umelalia ukuta wetu, na kila jioni watoto wanacheza chini yake. Nimegonga kwake mara mbili, taa zinawaka, hakuna anayefungua.