Kishikwambi cha Mvule

Simu za siku hizi hazivisikii vidole vya Bibi. Hugusa, kimya, hugusa tena kwa nguvu, na simu ikadhani anataka kufuta kitu. Vioo hivyo humtambua mtu kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi iliyokauka kwa umri, baada ya maisha ya kukuna nazi na kufua kwa mkono, haipitishi umeme kama ya kijana. Nimeliwazia jambo hili muda mrefu, kwa sababu Bibi ana kitu anachotaka kusoma, na mimi nilikuwa na kompyuta ya zamani ya kubebwa kabatini, nikaamua kuigeuza kishikwambi.

Anachotaka kusoma ni mashairi. Bibi alisoma chuoni, yaani madrasa, akazijua herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kizungu, na hadi leo Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo anakisoma haraka kuliko gazeti. Ndivyo tenzi na mashairi ya pwani yetu yalivyoandikwa tangu enzi za mababu. Karatasi nyingi za aina hiyo ziko London, kwenye maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha masomo ya Asia na Afrika. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, yasingetufikia kwa wingi huu kama si Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa, aliyeyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor. Karatasi za Taylor nazo zikaishia huko London. SOAS imepiga picha hati nyingi za Kiswahili na kuziweka kwenye intaneti, bure. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa Kibokoni anaweza kuzisoma akiwa Kibokoni. Lakini kwenye simu ukurasa mzima unakuwa mdogo kama stempu, na kila akijaribu kuukuza, tunarudi pale pale pa kidole kisichosikika.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad X61, ya mwaka 2007. Lenovo waliwahi kuuza X61 nyingine yenye kioo cha kuzungusha na kalamu yake; yangu si hiyo, ni ile ya kawaida. Kioo chake kina inchi 12.1, pikseli 1024 kwa 768, umbo linalokaribia ukurasa wa kitabu. Vioo vingi vya leo ni virefu kwa upana, vimekatwa kwa ajili ya filamu, na ukisomea hati juu yake nusu ya kioo inabaki tupu. Hilo pekee lilinitosha kuamua kwamba kompyuta hii bado ina kazi.

Wako walioniuliza kwa nini nisinunue tu kishikwambi kipya. Vya bei nafuu vinatumia kioo kile kile kisichomsikia Bibi. Halafu kuna hili linaloniuma: mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za elektroniki tani milioni 62, na kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mashine inayowaka, yenye kioo kizima, sioni haki ya kuiita takataka.

Kioo cha mguso nilichokitaka ni cha aina ya zamani, kinachotambua mgandamizo. Sam Hurst, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Elographics mwaka 1971, ni mmoja wa waliokifanya kiwe bidhaa. Kina matabaka mawili: juu utando wa plastiki, chini kioo, yote mawili yamepakwa madini membamba yanayopitisha umeme, na katikati vinukta vidogo visivyoonekana vinavyoyatenga. Ukibonyeza, matabaka yanagusana. Kijibodi cha umeme, yaani bodi ndogo ya kukiongoza kioo, kinapitisha volti kutoka ukingo mmoja wa tabaka hadi wa pili, kisha kinasoma kwenye tabaka jingine ni volti kiasi gani imefika. Hapo kinajua umbali wa kidole kutoka kushoto. Kinageuza mwelekeo, kinajua umbali kutoka juu. Hakijali ngozi kavu wala ya jasho. Ukucha, kijiti, kidole chenye unga wa maandazi, vyote ni sawa kwake. Kinapunguza mwanga wa kioo kidogo, na hakitambui vidole viwili kwa pamoja. Kwa msomaji wa mashairi sioni hasara.

Nilikipata kwenye duka la vyuma vya kompyuta vilivyotumika, kimetolewa kwenye mashine ya malipo ya dukani iliyokwisha kazi yake. Mashine hizo ni hazina: baadhi ya vioo vyake ni vya inchi 12.1 hasa, vimezoea kubonyezwa kutwa, na kile kijibodi chake kinaunganishwa kwa USB. Muuzaji alikuwa anakiuza kama kioo tu.

Kuifungua kompyuta ni kazi ya bisibisi na subira. Kinachoamua kila kitu ni waya bapa unaopeleka picha kutoka kwenye bodi hadi kwenye kioo. Ni mfupi, umepimwa kupita kwenye bawaba, na haupendi kukunjwa kwa pembe kali. Niligeuza kioo hadi kikapeana mgongo na bodi, nikaweka katikati yao karatasi ngumu ya plastiki isiyopitisha umeme, na mahali pa kila kitu kingine pakafuata urefu wa waya huo. Taa ya kioo cha enzi hizo nayo inataka heshima. Ni mrija mwembamba wenye zebaki kidogo ndani, unaowashwa kwa volti mamia kadhaa kutoka kwenye kijisanduku kilicho chini ya kioo. Mrija huo hauvunjwi, na kijisanduku hicho hakiguswi umeme ukiwamo. Nilikizungushia utepe wa kuhimili joto na kukitenga na mbao.

Mbao, basi. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na mwalimu wangu hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake.

Ami yangu ni seremala. Karakana yake iko Bondeni, na ana rundo la mbao za makabati na vitanda vya zamani ambazo hazitupi. Nilipomwambia nataka sanduku la kompyuta, alivuta mlango wa kabati wa mvule, wa rangi ya kahawia iliyokolea, akaupiga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mvule mpya siku hizi ni adimu na ghali, na hata ukiupata, mbao mbichi katika hewa yetu itajipinda kwanza ndipo itulie. Huu ulikwisha kutulia kabla sijazaliwa. Ami alinifunga kitambaa puani mwenyewe kabla ya kushika msasa. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, na yeye analijua vizuri.

Mimi nilikuja na mchoro wa sanduku lililobanwa pande zote, gundi kila kona. Aliutazama akatikisa kichwa.

"Iwate ipumue, mwanangu," akasema. "Mbao haifungwi mikono."

Akanieleza kwa kalamu ya risasi juu ya meza. Ubao hauongezeki urefu. Huongezeka upana, kukatiza nyuzi zake. Mombasa hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, masika ikiingia unazidi, kaskazi ikivuma unapungua kidogo, na ubao unafuata. Mgongo wa kishikwambi, wenye upana wa shibiri moja hivi, unaweza kutanuka hata milimita nzima. Ukiubana kwa gundi utapasuka, au utasukuma fremu, na fremu isukume kioo. Kioo ndicho kitakachovunjika kwanza. Kwa hiyo tulifanya kama wanavyofanya kwenye milango ya makabati: fremu imeungwa kwa ulimi na tundu na kutiwa gundi, lakini ubao wa mgongo umekaa ndani ya mfuo uliochongwa kuzunguka fremu, bila gundi, una nafasi ya kutanuka na kurudi. Kioo nacho hakigusi mvule popote. Kimelala juu ya ukanda mwembamba wa sponji.

Nimeshasoma mengi kuhusu watu wanaotengeneza vifaa vyao, na sikumbuki kukutana na neno juu ya kutanuka kwa mbao. Labda wanaishi mahali pakavu.

Kisha likaja suala la joto. Alumini husafirisha joto mara mamia kadhaa kuliko mbao. Kompyuta yenye ganda la chuma hujipoza kwa ganda lenyewe, yangu haiwezi. Nilimwekea Ami mkono karibu na tundu la feni, mashine ikiwa inafanya kazi.

"Weye wataka kumpa Bibi yako jiko la mkaa alipakate?"

Tulikaa juu ya hilo muda mrefu kuliko jambo lolote. Jibu lilikuwa nyumbani, kwenye dirisha la juu la Bibi mwenyewe: vijiti vya mbao vilivyopitana, hewa inapita, jua halipiti. Ami alichonga kimia kama hicho sehemu mbili za mgongo, kimoja chini na kimoja juu. Feni inavuta hewa kwa chini na kuisukuma juu, na kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe, kishikwambi kikisimama kinasaidiwa. Hivyo kikahitaji cha kukisimamisha, na Ami akachonga marfaa, pana kidogo kuliko ile ya msahafu, mikono yake ikipita pembeni ili isizibe kimia. Bibi anasoma ameketi mkekani, kitu kiko mbele yake kimeinama kidogo, magoti yake hayana mzigo. Kishikwambi kina uzito wa kutosha, sikatai. Alan Kay, Mmarekani aliyeichora kompyuta ya kubebwa kama daftari mwaka 1972, kabla haijawezekana kuitengeneza, aliitaka isizidi ratili nne. Sisi tumezidi kidogo, na marfaa imelibeba tatizo.

Jambo ambalo mbao ilinipa bila kuombwa ni intaneti. Nyaya za antena zilizokuwa kwenye kifuniko cha kompyuta nilizilaza ndani ya fremu, na mawimbi yanapita kwenye mvule vizuri kuliko yangepita kwenye bati.

Betri sikutaka mchezo nayo. Ya zamani ilikwisha, nikatafuta nzima, na nimeiacha ndani ya ganda lake la plastiki, inaingia na kutoka kwa nje kupitia ubavu wa fremu. Kuna wanaovunja ganda ili wapunguze unene. Betri za lithiamu zikivimba au kutobolewa huwaka, na nyumba hii ina mbao kila mahali. Diski ya kuzunguka niliibadilisha kwa SSD, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya zamani haifai kwenye kitu kinachoinuliwa na kulazwa kikiwa kinafanya kazi.

Upande wa programu haukuwa na shida. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, inaendesha prosesa hiyo ya biti 64 bila kulalamika, kijibodi cha kioo kilitambuliwa mara moja, nikabaki na kupima pembe nne za kioo kwa programu ya xinput_calibrator ili nukta iangukie pale kidole kilipo. Nimeweka vitufe vitatu tu, vikubwa: ukurasa wa mbele, ukurasa wa nyuma, kuza. Ukurasa wa mbele uko kushoto, kwa sababu kitabu cha Bibi hufunguliwa kutoka kulia. Hati nimezipakua zote, asitegemee mtandao.

Mgongo umefungwa kwa skurubu za shaba, ambazo hazishiki kutu ya hewa ya bahari, na zote zinafunguka kwa bisibisi moja. Hili nililishikilia tangu mwanzo. Nataka binamu zangu wadogo wakifungue waone, na mtu yeyote wa mtaa akiniuliza kinafanyaje kazi, nimuonyeshe badala ya kumweleza. Vifaa vilivyogandishwa kwa gundi vimetufundisha vibaya. Vinamfanya mwenye kitu awe mgeni kwenye kitu chake.

Jana baada ya Alasiri Bibi aliketi mbele yake kusoma. Ami alikuwa amemchongea kalamu kutoka kwenye kipande cha mvule kilichobaki, ncha yake imesuguliwa hadi ikawa laini, lakini hakuitumia sana. Alibonyeza kwa kidole cha shahada, polepole, na kila alipobonyeza ukurasa ulifuata. Alikuza mstari mmoja hadi ukajaza kioo. Akausoma kwa sauti, akasimama, akausoma tena kwa njia nyingine. Mwandishi, alisema, alikuwa na haraka, nukta za herufi hii hazikukaa sawa, na vina havitimii mpaka usome hivi. Akaniagiza nilete daftari nimwandikie. Tuliandika hadi magharibi, na leo asubuhi amenipigia kuuliza kama kuna hati nyingine za mkono huo huo.

Taa ya kioo imeanza kuwa na wekundu kidogo inapowashwa, dalili ya mrija kuchoka. Nimeshaagiza ukanda wa taa za LED za kuweka mahali pake. Ami anataka tukifungue pamoja masika ikishaanza, apime mgongo umetanuka kiasi gani kwenye mfuo wake, kwa sababu jirani amemletea kompyuta nyingine na anataka fremu yake iwe nyembamba zaidi.