Nondo hajui amepanda nani

Mzee jirani yangu hapa Bweyale, Uganda, ana hofu moja kuhusu mahindi ya Bt, yale yaliyobadilishwa jeni ili yawaue funza yenyewe: mwenye shamba kubwa akiyapanda, si wadudu wote watahamia kwenye shamba lake yeye mzee? Naliona swali zuri kuliko mengi ninayosikia redioni. Huko watu wanabishana kama posho yake itatudhuru, na mdudu mwenyewe wanamsahau.

Nilimwambia hapana. Nondo wa funza wa mabua huruka usiku, hupenyeza mayai kati ya jani na bua, akaenda zake. Yeye jani hali, kwa hiyo hana njia ya kujua kwamba mmea una sumu. Hutaga humo kama anavyotaga kwingine. Wanaokufa ni watoto. Kiwavi akitafuna anameza protini ambayo jeni yake ilitoka kwa bakteria wa udongoni, nayo inatoboa ukuta wa utumbo wake. Anaacha kula, na baada ya siku chache amekwisha. Shamba hilo halimfukuzii mzee wadudu. Linawapokea na kuwakatia kizazi.

Marekani walilipima jambo hili. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba wakulima wa majimbo matano, Iowa na Illinois yakiwemo, walinufaika kwa takriban dola bilioni 6.9 katika miaka 14, kwa sababu nondo wa mahindi wa huko walipungua mno. Zaidi ya bilioni 4.3 zilikwenda kwa waliopanda mahindi ya kawaida! China nako pamba ya Bt ilipunguza funza wa vitumba hata kwenye mazao ya jirani, ingawa dawa zilipopunguzwa wakazuka kunguni wa mimea ambao Bt haiwagusi.

Lakini Afrika Kusini ndiyo inayotuhusu, maana funza wao ndiye huyu huyu wetu. Walianza kupanda mwaka 1998, na kufikia 2007 iliripotiwa kwamba funza wengine wanakula mahindi hayo na kunenepa. Mkulima alitakiwa kuacha asilimia 5 ya shamba na mahindi ya kawaida yasiyopuliziwa dawa, au asilimia 20 akipulizia, ili nondo wasio sugu wabaki wa kupandana na sugu. Wengi hawakufanya hivyo.

Uganda bado hatuna mbegu hiyo sokoni. Bunge lilipitisha muswada wa mazao yaliyobadilishwa jeni mwaka 2017, na tena 2018, Rais akaurudisha mara zote mbili. Mimi siipingi. Anayevuta jani la katikati likatoka lenyewe, limeoza chini, na kinyesi kama unga wa mbao kikimwagika mkononi, hawezi kuipinga kwa maneno ya redioni.

Sehemu ya kuwaachia nondo sidhani itatusumbua: vishamba vyetu vimechanganyikana, na funza huyu hula mtama pia. Wasiwasi wangu ni mbegu ya kutunza. Sisi huchagua mahindi yaliyojaa, tukayaning'iniza juu ya jiko hadi msimu ujao. Chotara ya Bt ikipandwa tena hivyo, bua lenye sumu litaota kando ya lisilo nayo. Kiwavi ataonja sumu kidogo, ahamie lisilo nayo, aokoke; hivyo ndivyo funza sugu wanavyozidi. Hilo ningependa watafiti wa mazao wa Namulonge walijaribu kwenye mashamba kama haya yetu, si nyuma ya ua wa shamba la majaribio kule Mubuku tu.