Sangara akibaki peke yake ziwani

Ubishi wa manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, hapa Mwanza, uwe kijiweni Nyegezi au nje ya banda la video Igoma, hauchelewi kufika kwenye namba za nguvu. Chukua Dragon Ball: adui Frieza milioni 120, shujaa Goku akigeuka Super Saiyan, umbo lake lenye nguvu zaidi, milioni 150, kwisha habari. Tatizo ni kwamba namba hizo hazimo kwenye manga. Zimo kwenye Daizenshuu 7, kitabu cha mwongozo kilichotoka baada ya Dragon Ball kumalizika mwaka 1995. Ndani ya manga Frieza anajitajia 530,000, kisha anadai umbo lake la pili linapita milioni moja. Toka hapo skauta, kile kipimio cha kuvaa jichoni, haisemi tena jambo la maana. Kwa hiyo kabla hujabisha, uliza namba imetoka wapi: imesomwa kwenye ukurasa, imetamkwa na mhusika anayejisifu, au imeandikwa na mhariri baadaye.

Mwanzoni Akira Toriyama, mwandishi wa Dragon Ball, alizitumia namba vizuri sana. Raditz, adui kutoka anga za juu, anatua, anampima mkulima mwenye bunduki: 5. Goku anavua nguo zake nzito, 334 inakuwa 416. Piccolo, aliyesimama naye upande mmoja, 322 inakuwa 408. Raditz anacheka, na kwa hesabu yake ana haki ya kucheka. Kisha Goku anakusanya nguvu kwenye Kamehameha, pigo lake la mwanga, inasoma 924, na Piccolo anaikusanya kwenye ncha ya vidole viwili inafika 1,330. Kicheko kinakoma. Namba pale ilikuwa mtego wa kumnasa mwenye kiburi, si rula.

Ukiigeuza rula inakuaibisha mara moja. Mzee Roshi, mwalimu wa Goku, aliuvunja mwezi, na baadaye skauta ikampa 139. Vegeta, adui mwingine, anakuja na 18,000 na bado kuitishia dunia kunachukuliwa kuwa jambo kubwa. Hakuna kikokotoo kitakachopatanisha mambo hayo, maana mwandishi wa kila wiki haandiki kwa kikokotoo. Anaandika kwa ajili ya kurasa za wiki hii.

Lakini kupanda kwa namba siyo ugonjwa wenyewe. Ugonjwa watu wa huku tunaujua kwa jina: sangara. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, walikuwa wameporomoka, mamia ya aina, kila mmoja na kazi yake: huyu anakula konokono, yule anakwangua mwani kwenye mawe. Furu walipopungua, sangara akageukia dagaa, uduvi na hata watoto wake mwenyewe. Hadithi ndefu ya shonen, yaani manga ya vijana wa kiume, hufika hapo hapo. Adui mpya lazima amzidi wa jana, shujaa lazima amzidi adui, na wengine wote wanabaki pembeni wakitoa macho na kueleza jinsi wale wawili walivyo na kasi. Ukiona wahusika watano wenye majina wamesimama juu ya mwamba wakitangaza mechi, ujue furu wameliwa.

Sasa angalia jinsi Toriyama huyo huyo alivyoweza kukwepa. Cell, adui anayekua kwa kuwameza wengine, akiwa umbo la pili amebakiza kummeza Namba 18 tu, mwanamke nusu mashine, na hakuna aliye karibu anayemweza. Anatokea Tenshinhan, rafiki wa Goku, ambaye kwa hesabu yoyote ni vumbi mbele ya Cell. Anarusha Kikoho, pigo lake kubwa, kutoka juu. Ardhi inatoboka shimo la pembe nne, Cell anazama. Anainuka, anapigwa tena. Anainuka, anapigwa tena. Hapati jeraha la maana, lakini hawezi kutoka, na 18 anapata nafasi ya kukimbia. Tenshinhan anaanguka akiwa karibu kufa.

Kwa nini tukio hili halina harufu ya udanganyifu? Kwanza, Kikoho tuliijua tangu mashindano ya ishirini na mbili ya mapigano, ilipofumua uwanja mzima. Pili, bei yake ilitajwa siku ile ile: inakula uhai wa mpigaji. Tatu, na hili ndilo waandishi wengi hulisahau, lengo halikuwa kushinda. Lilikuwa kuchelewesha. Mnyonge akipewa lengo dogo kuliko ushindi, tofauti ya nguvu haimfuti kwenye hadithi. Akipewa lengo la kushinda, ama afe bure au mwandishi amzulie nguvu mpya katikati ya pambano.

Kurapika wa Hunter x Hunter ni kanuni ile ile kwa njia nyingine. Mnyororo wake una nguvu za kutisha kwa sababu amejifunga kwa kiapo: akiutumia kwa asiye wa Genei Ryodan, genge la wezi analoliwinda, anakufa. Mwandishi wake, Yoshihiro Togashi, anakuonyesha risiti ya bidhaa.

Kuna kosa jingine la vijiweni, la kuunga mnyororo: A kampiga B, B kampiga C, basi A anampiga C. Jaribu kwa Enel wa One Piece. Umeme wake ulikuwa unawakausha wote waliomkabili Skypiea, kisiwa cha angani, na akashindwa na Luffy, shujaa mwenye mwili wa mpira, kwa sababu mpira haupitishi umeme. Hiyo haimpandishi Luffy ngazi yoyote. Mfano mwingine ni Crocodile, mwenye mwili wa mchanga, aliyemshinda Luffy mara mbili kwanza, ya pili dogo akiwa ameshajifunza kwamba mchanga ukilowa unashikika.

Madau ya vichwa kwenye One Piece, yaani zawadi za kumkamata haramia, nayo yasikuzuge. Ni hofu ya serikali, si kipimo cha ngumi: Robin aliwekewa milioni 79 akiwa na miaka minane, na Buggy, haramia dhaifu mwenye bahati, ana zaidi ya bilioni tatu, wakati Chopper alianza na beri 50 kwa sababu walimdhania mnyama wa kufugwa.

Usopp, mwoga wa kundi la Luffy ambaye kila mbishi humweka chini ya orodha, ndiye alimmaliza Perona, msichana wa mizuka, kule Thriller Bark, meli kubwa kama kisiwa. Mizuka ya Perona hukata tamaa za watu, na Luffy na mwenzake Zoro ilipowapitia walipiga magoti wakijuta kuzaliwa. Ikampitia Usopp, haikupata cha kukata. Alikuwa ameshakata tamaa tangu asubuhi. Ni kama dagaa: sangara anamla kila siku, na kila usiku wa giza bado taa zinawaka ziwani kumvua.