Mazoezi ya timu yetu Naivasha
Sisi marafiki wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, tunajiandaa kwa mbio za jasura, yaani mbio za timu zinazochanganya kwenda kwa miguu, baiskeli, makasia na kutafuta njia kwa ramani na dira, ambazo kanuni zake huitaka timu nzima ikae pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kasi yetu ni ya yule aliyechoka zaidi. Jumamosi tulipanda mlima Longonot, ambao kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, kisha tukaendesha baiskeli katika mbuga ya Hell's Gate. Kupiga makasia ziwani tuliahirisha kwa sababu ya viboko, na wala sijuti. Kilichotupa shida zaidi ni ramani na dira, kwa kuwa mwenzetu aliye mwepesi kuliko sote hapendi kusimama kuzisoma. Tumeamua yeye ndiye atakayezibeba.